Kipande Iko Wapi?

Nililala seli usiku mmoja nikiwa na miaka 22. Tulikuwa wasee watatu tunatoka kutazama mechi, saa tano na kitu, hapa Nakuru, tunatembea kwenda nyumbani tukibishana juu ya penalti. Land Cruiser ikasimama mbele yetu. Aliyeshuka wa kwanza alikuwa mzee kuliko wenzake, mtu wa rika la baba, na hakuuliza tunatoka wapi wala tunaenda wapi. Alisema, "Kipande iko wapi?"

Hakusema ID. Hakusema kitambulisho. Alisema kipande, na yangu ilikuwa nyumbani ndani ya suruali nyingine.

Kituo sitakitaja, na yaliyonipata huko ni ya kawaida mno. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyeniambia kosa langu, na asubuhi tulitoka baada ya kila mmoja kuacha alichokuwa nacho mfukoni. Ninachokumbuka ni ukuta. Taa ya korido ilikuwa inaingia kidogo, na kwa kuwa usingizi ulikataa, niliusoma ukuta wote. Majina. Tarehe. Mistari midogo ya mtu anayehesabu siku. Jina la timu, jina la mama ya mtu, "Mungu yuko". Na chini kabisa, karibu na ndoo, mtu alikuwa ameandika kwa herufi safi za darasani: NILIKUJA KULIPA BAIL YA NDUGU YANGU.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo hata chuo sikupata kuuliza, maana niliacha chuo mwaka wa tatu, na somo nililoliacha lilikuwa historia. Ukuta ule ni kumbukumbu. Kesho akija mkuu mpya wa kituo anayependa usafi, utapakwa rangi na hakuna atakayejua. Bonde hili la Ufa limekuwa na polisi kwa zaidi ya miaka 100. Kumbukumbu yake imewekwa wapi? Nani anaitunza, na kwa faida ya nani? Basi nikaanza kuitafuta pale serikali inaposema huhifadhi historia, yaani makumbusho.

Mashimo ya ng'ombe

Nakuru tuna Hyrax Hill. Ukitoka mjini kuelekea Nairobi ni karibu tu, na kama ulisoma shule ya msingi huku, pengine ulipelekwa na basi la shule ukala mkate juu ya mawe. Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937 na 1938. Mwaka wa 1943 mahali hapo pakatangazwa mnara wa kitaifa, na mwaka wa 1965 nyumba iliyokuwa ya walowezi ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kuna bao lililochongwa juu ya mwamba. Kuna makaburi. Na kuna yale mashimo ya Sirikwa, mabonde madogo ya duara ambayo wataalamu wanasema yalikuwa mazizi ya ng'ombe.

Sina ugomvi na Hyrax Hill. Ni mahali patulivu, na wanaoeleza wanaijua kazi yao. Lakini yaangalie yale mashimo vizuri. Mtu hachimbi zizi ardhini na kulizungushia ukuta kwa ajili ya urembo. Anachimba kwa sababu kuna mwingine anayemezea mate ng'ombe wake. Kabla ya bunduki, kabla ya kofia na rungu, watu wa hapa walikuwa tayari wanajiuliza swali la polisi: mali ya nani italindwa, na italindwa dhidi ya nani?

Hilo swali halikuisha. Lilibadilisha mwenyewe tu. Walowezi walipopewa ardhi ya Nakuru, Naivasha na Njoro, Waafrika wengi walioingia mashambani mwao kama maskwota walikuja na mifugo yao. Mwanzoni ilikuwa sawa. Baadaye walowezi wakaona ng'ombe wa skwota ni tishio: ng'ombe anampa mtu uhuru, na mtu mwenye uhuru hafanyi kazi kwa mshahara wowote anaotajiwa. Miaka ya 1920 mifugo ikaanza kuondolewa kwa nguvu mashambani, na watu wakaipa operesheni hiyo jina ambalo hadi leo linaeleweka bila kamusi: kifagio. Walifagiliwa. Tabitha Kanogo aliandika juu ya hayo katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota, na ni kati ya vitabu vichache nilivyomaliza chuo bila mtu kunilazimisha.

Na kipande kilikuwa hapo hapo. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alipaswa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi yake, ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikining'iniza shingoni. Ukiacha kazi kabla mwajiri hajakuandikia ruhusa, wewe ni mtoro na polisi watakutafuta. Ukipatikana bila kipande, hilo ni kosa tosha. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa kati ya mambo aliyokuwa akiyapinga, na umati uliokwenda kumdai nje ya kituo cha polisi Nairobi ulimiminiwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri zaidi ya watu 20 walikufa.

Kwa hiyo yule afande wa Land Cruiser hakukosea neno. Alirithi neno. Mimi ndiye nilikuwa sijui nimerithi nini.

Hyrax Hill inakueleza vizuri jinsi ng'ombe walivyolindwa karne nyingi zilizopita. Inayofuata baada ya hapo, ile sura ya ng'ombe kufagiliwa na mwanaume kufungwa kwa kukosa karatasi, lazima uitafute kwingine. Nami nikaenda kwingine.

Hapo nje

Kutoka Nakuru hadi Kapenguria ni siku nzima ya matatu: Salgaa, Timboroa, Eldoret, Kitale, halafu Makutano, halafu kipande kidogo cha mwisho. Wakoloni walipachagua kwa sababu hiyo hiyo. Hapakuwa na reli, palihitaji kibali kuingia, na wakili au mwandishi wa habari angetoa jasho kupafika. Hapo ndipo walipoletwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko baada ya kukamatwa usiku wa Oktoba 20, 1952. Wakashtakiwa mbele ya Jaji Ransley Thacker. Tarehe 8 Aprili 1953 wakahukumiwa miaka saba na kazi ngumu.

Gereza lao ndilo makumbusho ya leo, yaliyofunguliwa 1993. Kama kuna mahali katika Bonde la Ufa panapokaribia kuitwa makumbusho ya historia ya polisi, ni hapo. Unaingia ndani ya seli kwa hiari yako na unatoka ukitaka, jambo ambalo kwa mtu kama mimi lilikuwa starehe ya ajabu. Ni vyumba vidogo. Ukinyoosha mikono unajua mara moja maana ya mahali hapo. Kwa hilo Kapenguria inastahili sifa: haikujenga sanamu kubwa ya shaba, iliacha chumba kiseme.

Siku niliyokwenda kulikuwa na watoto wa shule, sare za bluu, kelele ya kutosha. Mmoja, msichana wa kama darasa la tano, aliingia seli, akazunguka, akatoka na kuuliza, "Mwalimu, na askari alikuwa anasimama wapi?"

Mwalimu akaonyesha mlango. "Hapo nje."

Basi. Wakaendelea na safari. Lakini mimi nilibaki nimesimama hapo nje, kwenye zege, nikijaribu kumwona. Maana jibu la mwalimu lilikuwa sahihi kabisa, na ndilo tatizo langu na makumbusho yetu yote ya seli. Yanatuweka ndani pamoja na shujaa. Askari anabaki nje, hana jina, hana mshahara, hana kabila, hana mke anayengoja pesa ya unga. Na wafungwa wengine wa gereza lile, waliokuwa na kesi ya mbuzi au ya kodi, nao hawajulikani. Hadithi ni ya Sita. Seli imegeuzwa kuwa chumba cha uzazi ambapo rais wa kwanza alizaliwa.

Kuna pia sehemu ya utamaduni wa Wapokot, na nikiwa hapo nilimkumbuka Lukas Pkech. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa, upande wa Baringo, Pkech na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walikutana na kikosi cha polisi kilichotumwa kuwazuia. Wakafa Wapokot 29, maafisa wazungu watatu na askari mmoja Mwafrika. Hiyo ni miaka miwili na nusu kabla ya Sita kukamatwa. Ukitazama vibuyu na shanga bila kujua Kolloa, unadhani hawa watu waliishi wakicheza ngoma tu mpaka serikali ikaja kuwafungulia hospitali. Na yule askari mmoja Mwafrika wa Kolloa ndiye ninayemwaza zaidi. Alikufa upande wa nani? Nani alimlilia? Mapokot hawamhitaji, Waingereza hawakumwita wao, na Kenya huru haijui imweke rafu gani.

Mwaka ule ule

Sasa rudi kwenye ile tarehe ya kufunguliwa, 1993, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kukasirika.

Mwaka 1992, mwezi wa pili, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park wakigoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Polisi waliwavamia kwa marungu na gesi. Wakahamia kanisa la All Saints na kukaa huko karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa mwanzoni mwa 1993. Mmoja wa akina mama hao alikuwa mama yake Koigi wa Wamwere, mtu wa huku kwetu, aliyewahi kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini.

Novemba 1993 Koigi alikamatwa tena. Shtaka: kwamba yeye na wenzake walivamia kituo cha polisi cha Bahati, nje kidogo tu ya mji wa Nakuru, wakitaka kuiba bunduki. Kesi ikasikilizwa hapa hapa Nakuru, watetezi wa haki za binadamu ndani na nje ya nchi wakisema si ya haki. Oktoba 1995 akahukumiwa miaka minne na viboko sita.

Weka hizi mbili kando kwa kando. Mwaka mmoja, Bonde moja, serikali moja. Kwa mkono huu inafungua makumbusho kukumbuka jinsi mkoloni alivyowaburuta wapinzani wake mahakamani Kapenguria. Kwa mkono ule inamburuta mpinzani wake mahakamani Nakuru. Sijui kama kuna aliyeona haya. Pengine hawakuona kwa sababu kwao seli ya Kapenguria haikuwa na uhusiano wowote na polisi. Ilikuwa habari ya rais.

Hii ndiyo kanuni niliyoiona: serikali yetu iko tayari kukumbuka seli ikiwa mfungwa wake alikuja kuwa rais. Tarehe 20 Oktoba tunakaa nyumbani kwa sababu ya kukamatwa kwa watu. Fikiria, tuna sikukuu ya msako! Tumeipa jina Mashujaa, tunatazama gwaride, na anayekagua gwaride ni rais huku wanaopiga hatua ni pamoja na polisi.

Ikiwa mfungwa hakuwa rais, mambo ni mengine. Nenda Nyayo House, Nairobi. Chini ya jengo lile kuna seli ambamo wahadhiri, wanafunzi na wanasiasa waliteswa miaka ya 80 na baada yake. Mwanzoni mwa 2003, NARC ilipoingia, milango ilifunguliwa, kamera zikaingia, walioteswa wakaonyesha maji yalikuwa yanafika wapi mwilini. Tukaahidiwa mahali pa kumbukumbu. Zaidi ya miaka 20 imepita, ahadi bado ni ahadi. Wahanga wamekuwa wakienda kortini mmoja mmoja kudai fidia. Ghorofa za juu, vijana wanapanga foleni ya pasipoti waende Ghuba kutafuta kazi. Wanasimama juu ya makumbusho na hawajui.

Wazee walikuwa na mchezo wa maneno: serikali ni siri kali. Nilikuwa nikiuona mzaha wa kizamani. Siku hizi naona ni maelezo ya kutosha.

Usiku wa Naivasha

Ningepewa mimi kuchagua jengo moja la kuweka makumbusho ya polisi ya Bonde la Ufa, nisingechagua Kapenguria. Ningechagua Naivasha.

Usiku wa Machi 26, 1953, Sita wakiwa bado wanangoja hukumu, wapiganaji wa Mau Mau wakiongozwa na Mbaria Kaniu walivamia kituo cha polisi cha Naivasha. Walichukua bunduki na risasi, wakawafungua wafungwa zaidi ya 170. Hakuna wakili wala jaji. Hao 170 wengi wao walikuwa watu wa mashambani, vibarua na maskwota, watu wa kipande. Majina yao hayako kwenye sikukuu yoyote.

Lakini usiku huo huo, Lari iliteketezwa. Familia za machifu na za Home Guard zilichomwa ndani ya nyumba zao, wanawake na watoto. Halafu Home Guard na vikosi vya serikali wakalipiza kisasi kwa watu waliowashuku, na hao pia walikufa wengi.

Hapo ndipo makumbusho yanakuwa kazi ngumu, na ndiyo sababu nayataka. Kapenguria ni rahisi: tunajua nani mwema, nani mbaya. Usiku wa Machi 26 haukupi raha hiyo. Unamkuta mfungwa anakimbia huru na mtoto anaungua, saa zile zile, mikononi mwa vita vile vile. Unamkuta askari Mwafrika wa kituo ambaye pengine alikuwa na ndugu msituni. Mgeni akitoka hapo bila kuchanganyikiwa kidogo, basi aliyepanga maonyesho amedanganya.

Najua hofu iliyopo. Makumbusho mengi ya polisi duniani huendeshwa na polisi wenyewe, na yanafanana: sare kwenye kabati la kioo, kofia za zamani, picha ya bendi, bunduki ya jambazi maarufu. Tukiwaachia, tutapata "Utumishi kwa Wote" kwa herufi kubwa mlangoni na duka la kuuza vikombe. Hiyo si historia. Ni tangazo.

Lakini kuna mfano mwingine na hauko mbali sana. Johannesburg kuna Constitution Hill, gereza la zamani ambalo leo ni makumbusho, na Mahakama ya Katiba ya nchi ikajengwa hapo hapo, ikafunguliwa 2004. Matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa yametumika kwenye mahakama yenyewe. Mandela na Gandhi walifungwa pale na wametajwa. Ila kinachonishika mimi ni kwamba hawakuishia kwa Mandela. Wamewakumbuka pia maelfu waliotupwa ndani kwa kukosa pasi, watu waliokuwa wakienda kazini asubuhi au wakirudi jioni. Pasi yao ndiyo kipande chetu. Wao wakasema: huyu naye alikuwa hapa. Jaji akienda kazini lazima apite karibu na seli yake.

Kopo la biskuti

Nina anko aliyekuwa polisi. Ni kaka yake mama, alistaafu na cheo cha koplo, sasa anafuga kuku upande wa Rongai. Aliingia Kiganjo miaka ya 80 kwa sababu alikuwa na kifua, meno yote, na hakuna karo ya kuendelea na masomo. Nilipomwambia naandika kuhusu makumbusho ya polisi, alinitazama kama mtu anayetazama hundi feki.

Miaka mingi ya kazi yake aliishi kwenye laini za polisi. Chumba kimoja, familia mbili, shuka katikati. Mama aliniambia, si yeye. Watoto wakiugua upande huu, upande ule hawalali. Kamati ya mwaka 2009 iliyoundwa kurekebisha polisi iliyatazama pia makazi hayo. Aliyeiongoza ni jaji mstaafu anayeitwa Philip Ransley. Ndiyo, Ransley, kama lile jina la kwanza la jaji wa Kapenguria. Hawana uhusiano ninaoujua, lakini nilipoliona jina nilihisi historia yetu ina uvivu wa kutafuta majina mapya.

Kamati ile haikuja kutoka hewani. Ilikuja baada ya uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika machafuko yale, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Nakuru na Naivasha tulikuwa katikati ya moto mwishoni mwa Januari 2008. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka moshi na kulala chini ya meza. Anko alikuwa kazini. Nimewahi kumuuliza mara mbili ni wapi alikotumwa. Mara ya kwanza aliinuka akaenda kuangalia kuku. Mara ya pili akasema, "Kijana, wewe andika ya Kenyatta. Hiyo iko salama."

Alinionyesha kopo la biskuti. Ndani kulikuwa na filimbi, mkanda, nambari yake ya begani, picha ya kundi lao siku ya kumaliza mafunzo, na barua za uhamisho zilizokunjwa hadi zimeanza kukatika. Katika ile picha alinionyesha mwenzake mmoja. Kijana wa mwenzake huyo naye aliingia polisi, akapelekwa Baringo kufukuzana na wezi wa ng'ombe. Nikakumbuka Novemba 2012, bonde la Suguta, polisi zaidi ya 40 wakiuawa kwenye operesheni ya ng'ombe walioibwa, wengi wao wakiwa wamehitimu juzi tu. Tumerudi kwenye mashimo ya Sirikwa. Ng'ombe wa nani, alindwe dhidi ya nani, na nani afe akimlinda.

Sisemi haya ili tuwaonee polisi huruma. Wa rika langu tumeona Juni 2024 na Juni 2025. Tunajua gesi inanukaje, na tunajua kuna walioingia kituoni wakitembea wakatoka wamebebwa. Sihitaji makumbusho kunifundisha kuogopa. Ninachosema ni kwamba hasira isiyojua chanzo chake hurudia mahali pale pale. Tunapiga kelele kana kwamba hili lilianza na rais huyu, au yule wa kabla yake. Lilianza na kikebe shingoni. Lilianza na kifagio. Polisi hawa hawakuundwa kuwalinda watu wa Nakuru dhidi ya wezi. Waliundwa kulinda shamba dhidi ya watu wa Nakuru, na mwaka 1963 shamba likabadilisha mwenyewe, askari akabaki getini.

Makumbusho ninayoyataka yangekuwa na vitu vichache. Kikebe cha kipande, kile halisi, ambacho mgeni angevaa shingoni kwa dakika kumi ajue uzito wake. Kitabu cha OB kilichofunguliwa ukurasa wa siku ya kawaida, si siku ya historia: nani aliletwa, kwa kosa gani, saa ngapi. Rekodi za kesi ya Kapenguria na za kesi ya Nakuru kwenye meza moja. Shuka ya laini. Na ukuta mmoja wa seli uliotolewa kama ulivyo, haujapakwa rangi, pamoja na yule mtu aliyekwenda kulipa bail ya ndugu yake.

Nilimsomea Anko orodha hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kopo.

"Na mimi mtaniweka upande gani?" akauliza. "Ndani ama nje?"

Nikamwambia sijui bado.

"Mkishajua, njoo uchukue hii. Lakini waandike nilikuwa nalala wapi." Akanyamaza kidogo, akitazama kuku. "Na waandike nilitumwa wapi. Hiyo ya pili nitawaambia wenyewe, si wewe. Wewe una mdomo."